Picha ya Watoto Pekupeku

Baba Upendo tulimzika Jumatano, na tangu siku hiyo sijaongea vizuri na mtu. Wanangu wanasema mama ana huzuni, tumwache apumzike. Si huzuni. Kwa umri wangu nimekwisha kujua tofauti: huzuni hunikalisha kwenye kiti mpaka chai ikapoa, hasira huniinua nikafua mapazia ambayo hayajachafuka. Wiki hii nimefua mapazia ya nyumba nzima. Msibani, nyumbani kwake ghorofani, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, makochi yalikuwa yametolewa nje na sisi wanawake tumekaa kwenye mikeka, wengine wanachambua mchele, wengine wanaulizana marehemu alianza kuumwa lini. Upendo, binti yake mkubwa, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, akaja akachuchumaa mbele yangu. "Shikamoo, Dada Yunisi," akasema, maana hajaacha kuniita dada pamoja na mvi zangu zote. Akatoa simu. "Mwanangu kaitafuta ile picha, kaipata. Bado ipo mtandaoni, hebu ona." Nikavaa miwani. Watoto ishirini na kitu mbele ya mlango wa buluu, pekupeku, macho wameyafinya kwa jua, na chini yao maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba hawa ni yatima wa Kariakoo. "Sasa ndiyo nimekuwa yatima kweli," Upendo akasema, akicheka huku macho yamevimba, na wanawake waliokuwa karibu wakacheka naye, jinsi watu wanavyocheka msibani wakipata nafasi. Mimi nikainuka nikasema nakwenda kusaidia kwenye wali. Nilisimama karibu na sufuria mpaka moshi ukanipa sababu ya kufuta macho.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, haihusiki. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa mpiga chapa kwenye duka la stationari pale Mchafukoge, na Jumapili nilifundisha watoto kanisani. Ulikuwa wakati ule ambao kila kitu kilikuwa kinauzwa au kinanunuliwa. Mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa moja baada ya jingine, watu wazima waliozoea kuitwa mabosi wanarudi nyumbani na bahasha za kiinua mgongo, na maduka yaliyokuwa na sabuni ya aina moja sasa yana sabuni za kila rangi. Kuanzia Posta mpaka Kariakoo zilianza kuota intaneti kafe. Darasa letu la Jumapili halikujua lolote kati ya hayo. Lilikuwa stoo ya kanisa, lenye ngoma za kwaya, mabenchi yaliyovunjika miguu na mti wa Krismasi wa plastiki uliofunikwa gunia. Kitabu cha mwalimu kilikuwa kimoja, hakina jalada, na kilikuwa kimefundishwa mara nyingi hivi kwamba watoto walijua majibu kabla sijauliza. Wengine hawakujisumbua hata kusikiliza swali. Ukiuliza nani alimezwa na samaki, mmoja atasema Yesu, kwa kuwa amegundua kwamba kanisani jibu hilo halimpi mtu kiboko. Niliwahurumia, na nilijihurumia mimi.

Kafe niliyokwenda ilikuwa ya Bwana Kanti, Mhindi wa makamo, mpole, aliyekuwa amezaliwa jengo lile lile ambalo chini yake familia yao iliuza vitambaa. Ngazi zilikuwa nyembamba na zilinukia ubani, kwa sababu kwenye kona, juu ya mashine kubwa, alikuwa ameweka picha ya mungu wao wa kike na shada la maua mabichi. Kompyuta zilikuwa sita, na kila moja ilikuwa na vazi lake lililoshonwa na mkewe, Mama Bhavini, kwa vitambaa vya mapazia. Tulikuwa na makubaliano: mimi nilimwandikia barua zake za Kiswahili za kupeleka Manispaa, yeye alinipa kompyuta ya dirishani kila Jumamosi mchana. Ukurasa mmoja ulichukua muda mrefu kufunguka kiasi kwamba Mama Bhavini alikuwa ananiletea chai ya maziwa na tangawizi, na kachori mbili kwenye kisahani, na nikimaliza kachori ya pili ndiyo kichwa cha habari kinatokea. Nilisikia mengi nikisubiri. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wanapanda kuandikiwa barua pepe za Dubai, na waliziimla kwa sauti kubwa utadhani mtu wa Dubai yuko chumba cha pili. "Mwambie nataka jozi nyeusi za kike, kuanzia thelathini na saba," alisema mmoja wao, mtu mrefu mwenye shati la mikono mifupi lililopigwa pasi vizuri. "Na mwambie zile za kijani alizoniletea safari ile, avae mwenyewe." Huyo alikuwa Baba Upendo. Alikuwa na duka la viatu Mtaa wa Kongo, na binti yake wa miaka tisa alikuwa darasani kwangu.

Nilikuwa natafuta masomo ya watoto, na nilichopata kwanza kilinikasirisha. Tovuti nyingi zilitaka kuuza. Nyingine zilikuwa za bure mpaka ufike katikati ya somo, kisha zinadai namba ya kadi ya benki, utadhani mpiga chapa wa Mchafukoge anatembea na kadi ya benki. Nyingine zilifundisha habari ya usafi wa moyo kwa kutumia theluji, zikimwagiza mwalimu awatoe watoto nje waikanyage. Lakini Jumamosi ya tatu au ya nne nilifika kwenye tovuti moja ya ng'ambo, na pamoja na yote nitakayosema juu ya watu wale, hili nitawapa haki yao: ilikuwa nzuri. Masomo yalipangwa kwa umri. Kulikuwa na picha za kupaka rangi, michezo, nyimbo zenye vitendo, na mwanzoni mwa kila somo maneno machache kwa mwalimu. Kaa chini, macho yako yalingane na ya mtoto. Jua jina lake na kitu kimoja anachokipenda. Usiulize swali ambalo tayari anajua unataka aseme nini. Nilisoma maneno hayo mara tatu. Nilikuwa nimefundishwa kwa kiboko tangu darasa la kwanza, kanisani na shuleni, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mtoto anaweza kuulizwa yeye anaonaje. Bwana Kanti akanipigia chapa kurasa kumi na mbili, nikashuka nazo ngazi nimezikumbatia.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha kuliko yote niliyoishi hapo mjini, na inanikera kukiri hivyo. Usiku wa Ijumaa nilitafsiri, Jumamosi nilitafuta vifaa. Walikosema tumia vijiti vya aiskrimu, nilikusanya vijiti vya mishikaki kwa muuzaji wa pembeni mwa soko, nikavichemsha na kuvikata ncha. Walikosema sahani za karatasi, nilitumia trei za mayai. Kwa ubao wa kubandikia picha nilifunga kipande cha blanketi kwenye bango la plywood, na gundi nikapika mwenyewe kwa unga wa ngano. Watoto walikuwa kumi na wawili, wakawa ishirini, wakapita. Somo la Musa na kijiti kinachowaka moto liliagiza hivi: kabla ya kuwaambia watoto lolote, waambie wavue viatu, wakae kimya, wasikie sakafu kwa nyayo zao, kisha waulize kwa nini mtu avue viatu mbele za Mungu. Nikafanya hivyo. Viatu vilipangwa mlangoni jozi kwa jozi, na vya Upendo vilikuwa vizuri kuliko vyote, vyeusi vya kung'aa, na kifungo cha pembeni. Majibu niliyopata siku ile sijayasikia tena kwa mchungaji yeyote. Mmoja alisema ni kwa sababu viatu vina kelele. Upendo alisema, "Ni ili usiweze kukimbia." Tulipotoka, mpiga picha wa mtaani niliyekuwa nimemwita kwa ajili ya kumbukumbu alikuwa na haraka ya kwenda kwenye harusi. Akawapanga watoto mbele ya mlango wa buluu kabla hawajavaa viatu, akapiga, akaondoka.

Chini ya kila somo tovuti ile iliandika: tuambie habari za watoto wako. Basi niliwaandikia. Na hapa nianze kujilaumu mapema, ingawa kosa hili ni dogo. Niliandika barua kama nilivyofundishwa kumwandikia mtu aliyekusaidia. Kwetu huwezi kumwandikia mfadhili ukiwa umesimama wima, unajishusha kwanza, unamweka yeye juu, unasema sisi hatuna kitu, sisi ni watoto wenu, hatuna wa kututazama isipokuwa Mungu na ninyi. Barua za namna hiyo nilikuwa nimepiga chapa mia, za shule, za misikiti, za vikundi vya akina mama, na hakuna Mswahili hata mmoja ambaye angezisoma akadhani waandishi wake wanalala njaa. Ni adabu tu. Nikaigeuza adabu ile kuwa Kiingereza, neno kwa neno, Bwana Kanti akaiingiza picha kwa skana, tukaituma. Baada ya wiki tatu picha ikatokea kwenye tovuti. Niliona picha, niliona jina la Kariakoo, nikapiga makofi, na maneno ya chini sikuyasoma kwa kuwa machozi yalikuwa yamenijaa. Bwana Kanti naye alifurahi. Aliichapisha kwa rangi akaibandika ukutani juu ya meza yake, ili kila anayepanda ngazi aone kazi ya intaneti.

Baba Upendo alipanda ngazi Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa dirishani na kachori mkononi. Akasalimia, akachukua namba yake ya foleni, akatazama ukuta, kisha akasogea karibu na ukuta. "Huyu ni mwanangu," akasema. Bwana Kanti akatabasamu. "Ndiyo, na wenzake. Wako dunia nzima sasa hivi." Baba Upendo akauliza pale chini pameandikwa nini, na Bwana Kanti, ambaye naye alikuwa hajapasoma, akavaa miwani akaanza kumtafsiria, na nikasikia sauti yake ikipungua kadiri alivyoendelea. Watoto hawa hawana baba wala mama. Hawana viatu. Wengi hula mara moja kwa siku. Mashine zilikuwa zinavuma. Baba Upendo akageuka akaniona.

"Dada Yunisi," akasema, taratibu kabisa, "mimi nauza viatu."

Nilianza kueleza habari ya Musa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenitukana. "Hilo nimeelewa," akasema. "Alivua kwa ajili ya somo. Sawa. Na mimi, nilikufa katika somo lipi?" Bwana Kanti alikuwa ameshaibandua picha ukutani. Aliikunja mara mbili akaiweka kwenye droo. "Mimi si Mkristo, Mwalimu," akaniambia, na alikuwa ameona aibu kweli, "lakini mtoto ana baba, na baba amesimama hapa. Andika barua leo. Kompyuta hiyo, kaa mpaka umalize." Nikaandika. Nikasema watoto hawa wana wazazi, nikasema walivua viatu kwa sababu ya somo lenu wenyewe, nikaomba waondoe maneno yale. Baba Upendo alisimama nyuma yangu mpaka nikabonyeza kutuma. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walinishukuru kwa ushuhuda wangu wenye kugusa moyo, wakasema picha imewagusa watu wengi, na kwamba wawili kati yao wangependa kuja kutuona, na je, tungependa kompyuta?

Nimekutana na wezi maishani mwangu na sikuwahi kuwakasirikia jinsi ninavyowakasirikia watu wema wasiosoma barua. Mwizi anajua kitu ni chako. Wale walikuwa wameshaamua sisi ni nani kabla sijafungua mdomo, na lolote nililosema liliingia kwenye sanduku lile lile walilotutengenezea. Lakini walikuwa mbali, na hasira ya mtu wa mbali huchosha haraka. Wa karibu alikuwa Mzee Zefania, mwenyekiti wa kamati ya elimu ya Kikristo, aliyekuwa ofisa katika shirika moja la umma mpaka lilipobinafsishwa, na tangu hapo alikuwa anaandika miradi. Nilimpelekea barua zote mbili ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya madhabahu, akiwa anakula muhogo wa kukaanga kwenye gazeti. Alisoma polepole, akajifuta vidole. "Binti yangu," akasema, "umetufungulia mlango mkubwa sana." Nikamwambia mlango wenyewe ni wa uongo. Akanikaribisha muhogo. "Sikiliza. Yatima kwa Wazungu si lazima wazazi wawe wamekufa. Ni lugha ya mradi. Wewe ukianza kuwarekebisha, watasema tuliwadanganya, na watakaokosa ni hawa hawa watoto. Unataka wakose?" Nikasema mzazi mmoja amekasirika. "Mzazi mmoja," akasema Mzee Zefania, "mwachie mimi." Nilisema hapana, nitamwendea mwenyewe. Nilijiona jasiri nilipotoka mle ndani.

Basi nilikwenda Mtaa wa Kongo. Duka lake lilikuwa jembamba, maboksi mpaka darini, na yeye alikuwa juu ya ngazi akipanga. Nikamweleza kwamba wageni wanakuja. Hakushuka. "Wanakuja lini?" Nikasema Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Kwetu Walutheri siku hiyo, mwishoni mwa Septemba, ibada yote huongozwa na watoto, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka mahubiri, na hakuna mzazi anayekubali mwanawe asimame madhabahuni na nguo ya zamani. Wiki ile Kariakoo nzima hununua gauni na viatu. Baba Upendo aliijua siku hiyo kuliko mchungaji. "Nilitaka kumtoa mtoto kwako," akasema. "Mama yake kanikataza, anasema mtoto analipenda hilo darasa lako kuliko shule. Haya. Mimi wiki hiyo nitakuwa Dubai, na mama yake atakuwa bado ndani, kichanga hakijatimiza siku arobaini. Nataka kitu kimoja. Hao watu wakija, uwaambie kwa mdomo wako, mbele ya mwanangu, kwamba ana baba. Barua hawasomi, waambie usoni." Nikasema nitawaambia. Akashuka ngazi, akanipa mkono. Niliahidi kwa moyo wangu wote, na sikuwa naigiza.

Kompyuta ilifika kabla ya wageni. Ilikuwa kwenye boksi lake, imewekwa chini ya mimbari, na nilikuwa napita pale kila jioni baada ya kazi kuigusa. Niliitaka kompyuta ile. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuazima kiti cha dirishani. Nilikuwa nimeshapanga akilini meza itakaa wapi, ngoma za kwaya zihamie wapi, na jinsi walimu wa makanisa mengine watakavyokuja kwangu kuchukua masomo. Siku mbili kabla ya sikukuu Mzee Zefania akaniita. Alisema wageni watategemea kuona walichokiona kwenye picha. Watoto wavae sare za shule, nguo mpya zibaki nyumbani, na wakifika mlangoni wavue viatu. "Si umesema ulishawafundisha?" akaniuliza. Halafu akasema kamati inafikiria kuniteua mratibu wa watoto wa jimbo zima, na kwamba mratibu ndiye atakayekaa na kompyuta. Ningeweza kuinuka. Kiti kilikuwa hakina hata mikono ya kunizuia. Nilisema, "Sawa, Mzee."

Jumapili ile nilisimama kwenye mlango wa buluu tangu saa moja asubuhi. Kuhusu nguo watoto wengi walikuwa wametii, wamevaa sare zao, nyuso zimenuna, na wachache waliokuja na nguo mpya niliwaficha mstari wa nyuma. Upendo alikuja na watoto wa jirani. Alivaa sare, lakini miguuni alikuwa na viatu vipya vyeupe ambavyo baba yake alimwachia kabla ya kusafiri, na alikuwa anatembea taratibu visikunjike. Nikachuchumaa, macho yangu yakalingana na yake, kama nilivyofundishwa. Nikamwambia avue. Akanitazama. "Leo tena ni somo la Musa, Dada?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni la Musa."

Akafurahi. Alivua, akavipanga mwenyewe ukutani, akaingia. Kama angelia ningeweza kujisamehe mapema zaidi, maana mtoto akilia unajua umefanya nini. Huyu aliniamini. Alisoma somo la pili bila kukwama, sauti yake ikafika mpaka nyuma, na wageni wawili, mwanamume na mwanamke wa makamo wenye nyuso za ukarimu, walikuwa wanafuta macho tangu wimbo wa kwanza. Ibada ilipokwisha, mwanamke yule akaja akapiga magoti mbele ya Upendo, akamshika mikono yote miwili. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mzee Zefania alikuwa amesimama bega kwa bega nami, mkono mmoja umeegemea boksi la kompyuta. Mama yule aliuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, ni nani anayekutunza, mwanangu? Nikatafsiri swali. Upendo akajibu kwa ile sauti yake ya kusomea, hakuharakisha. "Baba na mama. Baba anauza viatu Mtaa wa Kongo, sasa hivi kaenda Dubai kuleta vingine. Mama yuko nyumbani ana mtoto mchanga, mdogo wangu, anaitwa Daudi."

Wote wakanigeukia mimi. Nimeirudia nafasi ile maisha yangu yote, na kila mara najaribu kuijaza vitisho ambavyo havikuwamo. Hakuna aliyenitisha. Mzee Zefania hakunikonyeza. Maneno ya Kiingereza niliyajua, ni maneno rahisi, baba, mama, viatu. Nilimtazama yule mama aliyepiga magoti kwenye saruji nikasema, "Anawashukuru sana kwa kompyuta."

Yule mama akaangua kilio akamkumbatia mtoto. Na Upendo, juu ya bega lake, akanitazama akitabasamu, kwa sababu alidhani mgeni amelia baada ya kusikia habari za baba yake.

Watu niliowahi kuwadokezea kidogo wamenipa ushauri wa kila aina. Ulikuwa kijana. Ulibanwa. Ona mema yaliyotokea. Na kweli yalitokea, hilo ndilo linalonichoma: kompyuta ile ilifanya kazi miaka saba, nilitafsiri masomo mengi kupita idadi, yalifundishwa mpaka visiwani, na kuna wachungaji leo ambao walijifunza kuulizwa wanaonaje kwenye stoo yangu. Sitaki kuambiwa mema. Nimemchukia Mzee Zefania kwa bidii muda mrefu, nimewachukia wale wageni, nimeichukia tovuti kila ninapofungua kompyuta, na chuki zote hizo zilikuwa kazi ya kujificha. Wao walidanganywa na picha, na Mzee alikuwa mtu wa miradi. Mimi ndiye niliyekuwa nimepewa sentensi ya kweli mkononi, na mtoto wa miaka tisa, nikaidondosha ili nipate meza.

Baba Upendo alirudi kutoka Dubai Alhamisi. Ijumaa mchana alikuja kwenye duka la stationari, mimi nikiwa kwenye mashine, na nikajua nimepatikana. Niliacha kupiga chapa nikainuka. Alikuwa amevaa shati lake la mikono mifupi na alikuwa anatabasamu. "Mtoto kanisimulia kila kitu," akasema. "Kasema aliwaambia wageni baba yangu anauza viatu, ukawatafsiria, yule mama akalia." Akatikisa kichwa. "Na ukarudia lile la Musa, nao wakaona kwa macho yao kwa nini watoto huvua. Hiyo mimi nisingeifikiria. Nilikuja kwako na hasira siku ile, Dada Yunisi. Nimekuja kukuomba radhi." Mwenye duka alikuwa anasikiliza, wateja wawili walikuwa wanasikiliza. Miaka yote iliyofuata alikuwa anaisimulia hadithi hiyo kila tulipokutana, kwenye kipaimara, kwenye harusi ya Upendo, kila mara ikinenepa kidogo, na mimi nilikuwa nainamisha kichwa na watu wanasema tazama alivyo mnyenyekevu. Lakini siku ile hadithi ilikuwa bado nyepesi. Ilikuwa na umri wa siku tano tu. Ingeweza kuuawa kwa neno moja.

Akaweka boksi juu ya meza yangu, kando ya mashine. "Nilikukadiria kwa macho tu," akasema. "Vya ngozi, si plastiki. Jaribu."

Nikavua ndala zangu mbele yake nikavivaa. Vilinitosha.